Daladala za Gongo la Mboto (G/Mboto) – Simu 2000, Dar: miaka miwili nazipanda, nazipa nyota 3 na nusu

Kuna dogo kapata chuo Mlimani (UDSM), anakaa kwao Ukonga, akaniuliza kama inawezekana kusoma ukitokea nyumbani bila kupanga geto. Inawezekana dogo. Ila kuna vitu hakuna mtu atakwambia, utavijua ukishachelewa vipindi vya wiki nzima, kwaio bora nikwambie mimi.

Mi nakaa Mombasa, hii yetu ya Ukonga sio ile ya Kenya, yaani karibu kabisa na mwisho wa gari. Mtu anaweza kudhani ukikaa karibu na mwisho wa gari umepata bahati, thubutu! Simama pale kituoni saa kumi na mbili asubuhi uone, zinakuja za Simu 2000, ile stendi ya upande wa chuo, zimeshajaa kule kule G/Mboto, konda ananing'inia mlangoni mguu mmoja nje na gari hata haipunguzi mwendo. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu zinavyonipita tu. Mpaka mama mmoja anayeuza vitumbua pale akanionea huruma akaniambia, mwanangu, wenzio wanageuza nayo.

Kugeuza nayo ndo hivi, unavuka barabara unapanda ile inayotoka mjini inaenda G/Mboto, muda ule inakuwa na nafasi, unachagua siti ya dirishani unakaa, inafika mwisho watu wanaigombania mpaka wengine wanapitia dirishani, wewe umetulia kama mwenye gari. Kuna makonda wanadai nauli zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kuna wanaokuachia, na kuna yule utakayemlipa mkifika G/Mboto anajifanya kakusahau, kwaio mlipe watu wakiwa wanaona. Kwangu mimi hiyo hela ya kugeuza haijawahi kuniuma hata siku moja. Nakaa, nasoma notsi mpaka Buguruni, nashuka shati bado lina pasi. Ukisimama njia nzima ukafika darasani huna tofauti na mtu aliyetoka kubeba zege.

Nauli sasa. Ukiwa na sare ya shule unalipa 200, ukiivua tu umekuwa mtu mzima, hamna cha katikati. LATRA, wale wanaopanga nauli, walipopandisha Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600, na ruti ndefu kama hii yetu inazidi hapo, ila wa sare wakaachwa kwenye 200 yao. Mwanachuo haumo kwenye hiyo hesabu. Na usihangaike kutoa kitambulisho, mi nilitoa siku yangu ya kwanza kabisa, konda akakipokea, akakisoma mbele, akakigeuza akasoma nyuma, akanirudishia akasema "hongera anko, nauli." Gari nzima ilicheka.

Kingine, ukishuka umeshuka. Ukidaka ya pili kutoka Simu 2000 kuingia chuo unalipa upya, hamna cha kusema nimetoka mbali. Mi kama jua halijawaka nakitembea hicho kipande, kwa sababu bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, ni 10,000 kwa siku na humo humo kuna chipsi mayai, bando na kutoa kopi. Bodaboda ni ya siku ya mtihani tu.

Njia yenyewe mpaka Airport sio mbaya, shida ni makutano ya Tazara. Watu wanaisifia flyover ya Mfugale toka ifunguliwe 2018, na kweli inawasaidia wanaonyoosha kwenda Kariakoo na Posta, ila sisi tunaoingia barabara ya Mandela tunapita chini yake tukibanana na malori ya bandarini. Buguruni ndo watu wengi wanashuka, kama ulisimama hapo ndo utapata siti, afu Tabata, External, Riverside, unatokea Ubungo. Mama yangu anasema zamani Ubungo peke yake ilikuwa inaweza kukula saa nzima, tangu flyover ya Kijazi ya pale pale ifunguliwe 2021 mi sijawahi kukaa pale muda huo.

Na usiniambie nipande mwendokasi. Ile iliyoanza 2016 ni ya watu wa Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, mi pale Ubungo naipungia mkono tu. Ya kwetu ya G/Mboto nikianza kuipanda nitaandika upya.

Hiyo nyota moja na nusu nimeikata kwa sababu ya wanafunzi wa sare. Konda anaona kituoni wako kumi anapiga kelele "wawili tu, wawili!" maana hao kumi kwake ni siti kumi za 200. Mi nimesoma sekondari hivyo hivyo, nimesukumwa mlangoni mpaka kifungo cha shati kikabaki mkononi kwa konda, na sasa hivi niko dirishani nimekaa naangalia watoto wanakimbizana na gari. Sijui niseme nini, maana na konda naye ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni. Ninachoweza ni kupokea begi. Mtoto akifanikiwa kuingia na kusimama, aliyekaa anampakatia begi, hata haombwi, ni kitu nakipenda sana kwenye daladala za Dar. Kuna siku nilikuwa na mabegi matatu mapajani, moja linavuja uji.

Simu ifiche ukiwa dirishani, hasa gari ikisimama kwenye foleni. Chenji idai hapo hapo, "nitakupa mbele" ya konda haina mbele. Na kituo kikikaribia paza sauti, akiuliza "Mombasa kuna mtu?" ukajibu kwa aibu anapiga bodi, twende, unajikuta G/Mboto.

Jioni Simu 2000 ni vita, na kugeuza kunataka ushuke mpaka Ubungo ukaidake inapoingia. Mi huwa nasubiri maktaba mpaka saa mbili usiku, fujo inakuwa imepungua. Ila saa hizo ndo wanakatisha ruti, gari ubavuni imeandikwa G/Mboto lakini konda anaita "Banana, Banana." Muulize inaishia wapi kabla hujaweka mguu, ukiuliza ukiwa umeshalipa atakwambia shuka ungoje nyingine.