Prado yangu ya mtumba, na yule aliyeniambia nije na mzee wangu

Msinunue. Naanza na neno hilo kwa sababu najua mkiona maneno mengi mnarukia mwisho. Toyota Prado ya zamani, hii ya miaka ya tisini yenye dizeli ya lita tatu, msinunue. Au ngoja, niseme vizuri: msinunue kwa mtu anayewapokea bonneti ikiwa tayari ina moto. Hapo ndipo nilipoliwa.

Mimi kazi yangu ni kupukuchua mahindi. Nina mashine juu ya tela la magurudumu mawili, na msimu wa mavuno nazunguka nayo Kapchorwa, Kween mpaka Bukwo, huku mashariki mwa Uganda, mkulima kwa mkulima, nalipwa kwa gunia. Lami ya kwenda Suam, mpakani na Kenya, imetuokoa, sikatai, lakini mahindi hayalimwi kwenye lami. Ukichepuka kidogo tu unakutana na njia ambazo mvua ikinyesha hata ng'ombe wanateleza. Kule chini Ngenge udongo ni ule mweusi unaojiviringisha kwenye tairi mpaka huoni tena kashata za tairi, unaona donge. Zamani nilikodi trekta, na mwenye trekta alikuja siku aliyojisikia. Nikachoka kubembeleza, nikaamua kutafuta gari langu la kuvuta mashine.

Kila niliyemuuliza kuhusu gari alinijibu kama anahubiri dini yake. Land Cruiser ndefu yenye injini ya 1HZ, ile ya mashirika, silinda sita bila turbo, kila mtu anaiapia na hata mimi naiapia, ila bei niliyotajiwa ilinifanya nicheke mbele za watu. Pajero fundi wangu wa Mbale aliikataa kabla sijamaliza kutamka: "Binti yangu, spea zake utazitafuta kwa tochi." Surf, nayo ya Toyota, ina injini ile ile ya Prado. Basi ikawa Prado, kwa sababu kikiharibika kitu, Kisekka, soko la spea Kampala, kipo, na Mbale ukipekua utakipata. Tena Prado hii inavuta kwa magurudumu manne muda wote, huna haja ya kushuka kwenye tope kuzungusha kitu chochote gurudumuni.

Jambo moja sikulifikiria. Tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, Prado hizi hazishuki tena Mombasa. Unayoiona leo imeshalala kwenye nyumba nne au tano za hapa hapa, na kila mwenye nyumba amefanya ujanja wake.

Yadi ya magari nilikonunua iko Kampala, jina naliacha. Kwenye simu jamaa anayeuza ni asali tupu: nyabo (yaani mama) hivi, nyabo vile. Nilipofika nikakuta gari linanguruma. "Nimetoka kuliosha sasa hivi," akasema. Nikaweka mkono kwenye bonneti, moto. Sikushtuka, kwani gari lililotembea lina moto. Tukaenda nalo kidogo Jinja Road, foleni tupu, tambarare, kama robo saa hivi. Mshale wa joto haukufika hata katikati. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Hili halichemshi." Akatabasamu. Tabasamu lile mpaka leo naliona nikifumba macho.

Msije mkadhani nilinunua kipofu. Nilikuja na tochi na leso ya kulalia. Niliingia chini nikagonga chesisi kutafuta kutu. Nilisimamisha gari, nikaweka gia huru, nikavuta ile fimbo ndogo mpaka nafasi ya mwisho, ile ya nguvu, taa ikawaka, gari likatambaa kama kobe. Nikalipeleka kwenye vumbi nikalikunja kona kali, nikasikia linavyojibana pale difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inapofungwa. Safi. Kila kinachoonekana nilikikagua. Ugonjwa ulikuwa ndani ya maji, na maji sikuyafungua, maana nani anafungua rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, ikiwa na moto?

Shilingi milioni 28 za Uganda. Nililipa nikaondoka naimba.

Sasa siku yenyewe. Msimu wa mavuno, Oktoba au Novemba, sishiki vizuri, ila najua ilikuwa Jumamosi kwa sababu mkulima wa kwanza ni Msabato na aliniambia nisitie mguu kwake kabla jua halijatua. Tulitoka Mbale mchana, mashine nyuma, tanuboi wangu pembeni na jerikeni la maji ya kunywa katikati ya miguu. Mpaka Sironko ni stori na karanga. Ukianza kupanda kuelekea Sipi barabara inajikunja na mlima unakutazama usoni. Nikazima ovadraivu, ile gia ya juu ya tambarare, nikashusha gia, nikakanyaga taratibu. Mshale uko chini, umetulia.

Kona ya tatu au ya nne ikaja harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikatazama mshale: chini. Tanuboi akasema, "Mama, nyuma kuna moshi." Nikatazama kioo. Moshi mweupe, mzito, hata tela silioni. Nikarudi kwenye mshale: chini. Kisha nguvu zikakatika, nakanyaga na gari linanung'unika tu, linaanza kutaka kurudi nyuma na mzigo wake wote.

Yule kijana Mungu ambariki. Aliruka kabla sijasimama, akatia jiwe nyuma ya gurudumu la tela, la pili, la tatu, ndipo akaja kwenye gari. Halafu akapanda kichakani akavunja matawi, akayatandaza barabarani nyuma yetu. Mimi nikafungua bonneti. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umevimba na kukakamaa kama mchi. Mwenye boda mmoja alisimama akataka kusaidia, akanyoosha mkono kwenye kifuniko, nikampiga kofi la mkono. Samahani yake popote alipo, lakini uso wake ameondoka nao mzima.

Tulisubiri zaidi ya saa. Nilipofungua, ndani pakavu. Nikamimina jerikeni lote la maji ya kunywa, nikamwambia kijana awashe, nikainama kutazama. Mapovu. Yanapanda moja baada ya jingine bila kukoma, kama uji kwenye sufuria. Hewa ya moto wa injini inaingia kwenye maji, inayasukuma nje. Na ule mshale? Kipima joto kikikosa maji ya kukigusa hakina cha kupima. Injini inakufa, mshale umelala usingizi.

Fundi wangu alipofungua alikuta hedi, kile kipande cha juu cha injini, ina nyufa, nyembamba kama unywele, katikati ya vali. Hedi ya injini hii ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, haipendi joto kabisa, na kila fundi wa dizeli mjini anaujua ugonjwa huo. Lakini si hilo lililomfanya aniite niinamie. Aliniita nione pale panapokaa themostati, kile kilango kinachoamua maji yaende lini kwenye rejeta. Hapakuwa na kitu. Tundu tupu. "Wameitoa," akasema, "ili mshale usipande upesi, mnunuzi asishtuke." Kwa hiyo walijua. Jamaa wa asali alijua.

Hapa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema. Fundi aliendelea kuchokonoa, akaitoa rejeta akailaza chini. Mapezi yake yalikuwa yamezibwa na makapi ya mahindi, yameshikana na mafuta kama keki. Makapi yangu mimi. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa naegesha gari mdomo ukiangalia mashine, na mashine inapuliza. Tena gari ni otomatiki, na mafuta ya gia yake nayo yanapoozwa chini ya rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo ukivuta mzigo mlimani unaichemsha kwa njia mbili. "Binti yangu, nusu ni yao, nusu ni yako," akasema fundi. Nilinuna siku mbili. Nusu yangu naikubali, haya. Mimi nusu yangu sikumficha mtu.

Nikapanda basi kwenda Kampala. Nilimkuta jamaa anakula roleksi, chapati ya mayai, juu ya bonneti ya gari jingine. Nikamwonyesha picha za nyufa. Nikamwonyesha lile tundu. Hakuangalia hata simu. Akafuta mdomo akasema, mbele ya vijana wake: "Nyabo, mambo ya injini ni marefu. Njoo na mzee wako tuongee."

Someni tena sentensi hiyo. Mimi ndiye niliyelala chini ya gari lake na tochi mdomoni. Mimi ndiye niliyehesabu milioni 28 mbele yake, noti kwa noti. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni mwalimu wa hesabu, mtu mzuri sana, hajawahi kushika usukani maishani, na mafuta ya breki ukimwekea jikoni atakaangia mayai.

Nikaenda naye. Ndiyo, nilimeza, nikaenda naye wiki iliyofuata, kwa sababu nilitaka pesa zangu. Basi ndugu zangu, viti vilitoka. Soda ilitoka. Jamaa akamgeukia mume wangu, mimi nikawa kama mkoba alioubeba, akamweleza kila kitu kwa adabu: kwamba kweli themostati waliitoa, kwa ajili ya foleni za Kampala, kwamba magari yote ya yadi wanafanya hivyo, kwamba hedi ilikuwa "imechoka kidogo" na fundi wao aliipaka dawa ya kuziba. Mume wangu anaitikia, ehe, ehe, na mimi namjua, pale alikuwa anawaza daftari za wanafunzi. Yote niliyoyataka kuyasikia yalisemwa mbele yangu, hakuambiwa mtu anayeyaelewa. Na pesa? Hata shilingi. "Gari la mkononi halina garantii, ssebo," yaani bwana. Tulipotoka mume wangu akaniuliza kwa upole, "Themostati ndiyo ile ya friji?" Nilicheka mpaka nikalia barabarani.

Hedi mpya, gasketi na kazi vilinila milioni 3 na ushee. Rejeta ikasafishwa, themostati ikarudi mahali pake, na mafuta ya gia nikayawekea kipoza chake pembeni. Mashine nayo niliisogeza mbele kidogo kwenye tela, kwa sababu ilikuwa imekaa nyuma ya ekseli na tukishuka mteremko tela linatikisa mkia kama mbwa. Uzito ukielemea kidogo upande wa gari, linatulia. Hilo la tela si kosa la mwenye yadi, nalitaja tu kwa kuwa limo kichwani.

Na sasa naona aibu kuandika hili baada ya kuanza na "msinunue". Msimu uliofuata Ngenge ilinyesha siku tatu mfululizo. Pikapu mpya kabisa, namba bado zinang'aa, ilizama mpaka milangoni. Nilifunga difu, nikaweka ile gia ya kobe, tukafunga mnyororo. Prado ilitulia, ikashika, matope yakaruka mpaka kwenye paa, ikaivuta pikapu ile kama inavuta mbuzi, na mshale wa joto, huu wa kweli sasa, ulipanda ukafika katikati ukakaa hapo hapo. Nilishuka nikaibusu bonneti. Watu waliniona.

Kwa hiyo gari lenyewe ninalipatia nyota nne. Tano, ukiniuliza nikiwa Ngenge. Mbili, ukiniuliza nikiwa kwa fundi. Aliyeniuzia simpi hata alama ya kalamu. Mkienda kwa muuzaji yeyote, nendeni asubuhi na mapema bila kupiga simu. Gusa bonneti, iwe baridi. Minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu injini ikiwa imelala usiku kucha, rudi nyumbani. Fungua kifuniko, mtu awashe, tazama maji. Halafu litafutie mlima, si Jinja Road.

Juzi alikuja kijana kutoka Soroti, alisikia nauza, maana niliwahi kusema hivyo kwa hasira. Nilimwambia aje saa kumi na mbili asubuhi, akaja kweli. Akagusa bonneti, akaminya mpira, akafungua maji, nikampenda bure. Kisha akauliza bei. Nikamwambia arudi baada ya mavuno.