Avahi nyumbani: mwaka wa tatu bila kukariri namba za kompyuta

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga kurasa: mitihani ya shule, kadi za harusi, ripoti za vikundi vya kuweka na kukopa. Naifanyia nyumbani, Mbezi, Dar es Salaam, na nyumba ina kompyuta tano. Kuna yangu ya mezani, laptopu ya mume wangu, laptopu ya binti yetu, Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, iliyo nyuma ya televisheni, na kompyuta ya zamani isiyo na skrini ambayo tumeigeuza ghala la mafaili. Printa imechomekwa kwa waya kwenye hiyo ya ghala. Kwa hiyo siku kompyuta yangu isipoipata ghala, sina kazi. Siku hizi zinaitana kwa majina kupitia programu iitwayo Avahi.

Zamani tulikuwa tunaitafuta kwa namba. Ghala ilikuwa 192.168.1.23 na sote tuliijua kama namba ya simu ya nyumbani. Shida ni kwamba namba hizo hugawiwa na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta nyingi za bei ya kawaida huisahau orodha ya waliogawiwa pindi zinapozimika. Umeme ukirudi, ruta inaanza kugawa upya, na kifaa kilichowahi kufika kinaweza kupewa namba ambayo jana ilikuwa ya mwenzake.

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja saa moja na nusu, mwalimu amekaa sebuleni akisubiri nakala 120 za mtihani wa hisabati. Umeme ulikuwa umekatika usiku ukarudi alfajiri. Nabonyeza kuchapisha, kimya. Nikaipigia 192.168.1.23 ping, yaani amri ya kuuliza kama kifaa kipo mtandaoni, ikajibu vizuri kabisa, nikaamini kwamba ghala iko salama na mbovu ni printa. Nikachomoa waya wa printa, nikaurudisha, nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha. Mwalimu akasimama mlangoni: "Dada, wanafunzi wanaingia saa mbili na nusu." Dakika ishirini zilipita kabla sijagundua kwamba aliyekuwa anajibu ile ping alikuwa simu ya binti yangu, iliyolala chini ya mto wake. Simu ndiyo ilikuwa imepewa .23, ghala imesukumwa kwenye .31.

Baada ya hapo nilijaribu njia ambayo wengi huanza nayo, faili la hosts, orodha ya majina na namba iliyo ndani ya kila kompyuta. Kwenye Linux, mfumo endeshi kama Windows ulivyo, liko /etc/hosts, kwenye Windows limefichwa ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, na huwezi kulihifadhi bila kufungua Notepad kama msimamizi. Unaandika namba, unaacha nafasi, unaandika jina, basi. Inafanya kazi, lakini kompyuta tano ni mafaili matano, na jina moja likibadilika unazunguka vyumba vyote. Mtandao wa ARPANET wenyewe, mtangulizi wa intaneti, uliishi hivyo: faili moja, HOSTS.TXT, lilitunzwa na taasisi ya SRI kule Menlo Park, California, na kila mwenye kompyuta alilichukua nakala. Mashine zilipoongezeka likawalemea, ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta muundo wa DNS, utaratibu wa kuuliza namba za kompyuta kwa majina yao. Mimi lilinilemea na mashine tano tu, kwa sababu kampuni inayotuletea intaneti ilikuja kubadilisha ruta, na ruta mpya ikaanza kugawa namba za 192.168.100 badala ya 192.168.1. Mistari yote niliyoandika ikawa haina maana kwa mchana mmoja.

Hapo ndipo nilipokutana na Avahi. Ni programu ya bure ya Linux, iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Trent Lloyd, na jina lake ni la mnyama wa Madagaska, mwenye manyoya mazito na macho makubwa kama ya komba. Inatumia utaratibu uitwao mDNS, ulioandikwa na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa Apple na kutolewa rasmi kama RFC 6762 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) mwaka 2013. Apple walikuwa wameshauweka kwenye Mac tangu 2002, na leo wanauita Bonjour. Ndiyo maana ndugu wa familia akija na Mac au iPhone, anazikuta kompyuta zetu kwa majina bila mimi kumgusia chochote.

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi inavyofanya kazi. Hakuna kompyuta kuu inayoshika daftari la majina. Kompyuta yangu ikitaka ghala, inapiga hodi kwa wote waliopo kwenye mtandao, kwa anwani 224.0.0.251 na poti 5353: nani anaitwa ghala.local? Ghala yenyewe inaitika na kusema namba yake ya wakati huo. Jina linakaa kwa mwenye jina. Ruta ikibadilishwa, namba zikichanganywa, umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mwenye jina akiamka tu anaitika. Kwa nyumba zetu hili ni jambo kubwa kuliko sifa nyingine yoyote ya programu hii, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kuisakinisha hakukunichukua dakika kumi. Kompyuta yangu ya mezani, yenye Linux ya Ubuntu, ilikuwa nayo tayari. Kwenye ghala, ambayo ni Debian, aina nyingine ya Linux, isiyo na mazingira ya picha, niliandika:

sudo apt install avahi-daemon libnss-mdns
sudo hostnamectl set-hostname ghala

Nikarekebisha na jina ndani ya /etc/hosts yake ili sudo, amri ya msimamizi, isilalamike, nikaizima na kuiwasha. Kisha kwenye meza yangu nikaandika ping ghala.local. Mstari wa kwanza ukatokea na namba kwenye mabano, 192.168.100.14, namba ambayo sikuwahi kuiona wala kuigawa. Niliita watu waje kuangalia. Mume wangu alitazama, akasema, "Sasa printa?" Alikuwa na haki. Nilifuta printa ya zamani kwenye mipangilio, nikaiongeza upya kwa jina, kwa anwani inayoanza na ipp://ghala.local:631, na tangu siku hiyo sijaigusa tena. CUPS, programu ya Linux inayosimamia printa, hata hutangaza printa iliyoshirikishwa kupitia Avahi, kwa hiyo laptopu ya binti yangu iliiona kwenye orodha bila kuandikiwa kitu.

Usisahau ile libnss-mdns. Avahi peke yake inatangaza jina lako kwa wengine, ila kompyuta yako haitajua kuyauliza majina ya wenzako mpaka kifurushi hicho kiongeze neno mdns4_minimal kwenye mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf. Nimeona mtu akihangaika siku mbili kwa sababu hiyo moja.

Sasa matatizo, kwa sababu yapo.

La kwanza nililitengeneza mwenyewe. Nilinakili diski nzima ya ghala kwenye kompyuta nyingine niliyonunua mtumba, ili iwe akiba. Nakala ilibeba kila kitu pamoja na jina. Avahi haikubali majina mawili yanayofanana kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo anayechelewa kuamka hupewa ghala-2.local. Mchana mambo yalikwenda sawa. Umeme ulipokatika na kurudi usiku, zote mbili ziliamka pamoja, na ile ya mtumba ikawahi. Kazi zangu za siku nne zikahifadhiwa kwenye kompyuta nisiyoikusudia. Hazikupotea, nilizikuta, lakini moyo ulinienda mbio. Ukinakili diski, badilisha jina kabla hujachomeka waya wa mtandao.

La pili ndilo ninalotaka ulisome taratibu, maana nalikuta nyumba nyingi. Chumba cha binti yangu kiko mwisho wa nyumba na waifai haikifikii, tukamwekea ruta ya pili iliyokuwa kabatini. Intaneti ikapatikana, YouTube ikacheza, ila ghala.local haionekani kule hata kidogo. "Mama, kwangu ghala haipo," aliniambia wiki nzima. Nilikuwa nimechomeka waya kwenye tundu la WAN la ruta ya pili, lile la kupokea intaneti. Ukifanya hivyo, ruta hiyo inajenga mtandao wake wenyewe nyuma yake, na hodi ya mDNS haivuki ruta. Imewekwa makusudi iishie kwenye mtandao ilikopigwa. Dawa: ingia kwenye ruta ya pili, zima DHCP (ule ugawaji wa namba), ipe namba yake isiyogongana na ya ruta kubwa, kisha uhamishe waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu mojawapo la LAN, yale ya kuunganisha vifaa vya ndani. Sasa inabaki kuwa mnara wa waifai tu, na nyumba nzima ni mtandao mmoja. Jioni ile binti yangu alifungua folda yake ya picha kitandani kwake.

Kama kwa sababu yoyote lazima uwe na mitandao miwili, Avahi ina kipengele cha kupitisha hodi kutoka upande mmoja hadi mwingine, enable-reflector=yes ndani ya /etc/avahi/avahi-daemon.conf, lakini kompyuta inayofanya hivyo iwe na mguu kwenye mitandao yote miwili. Mimi sikuhitaji. Angalia pia mpangilio wa ruta unaotenganisha vifaa vya waifai visionane. Ukiwa umewashwa, majina hayatafanya kazi hata ufanyeje.

Windows haikunisumbua sana. Laptopu ya mume wangu ni Windows 11 na inaelewa .local yenyewe. Nilichofanya ni kuubadilisha mtandao wa nyumbani kutoka wa hadharani kwenda wa binafsi ili na kompyuta zingine ziweze kuyaona mafaili aliyoyashiriki.

Simu ndiyo inayoninyima raha. Simu ya zamani ya Android ya mama mkwe, anayependa kutazama picha za wajukuu zilizoko ghala, haijui .local kabisa. Kwa ajili yake niliingia kwenye ruta nikaitengea ghala namba moja ya kudumu kwa kutumia anwani yake ya MAC, ile inayotambulisha kifaa chenyewe, nikamhifadhia namba hiyo kwenye brauza. Yaani kwa mama bado tunatumia namba. Na hata kwenye simu mpya, andika http:// mbele ya jina au mkwaju mwishoni, la sivyo brauza inaweza kudhani unatafuta neno na kukupeleka Google.

Wenye simu nyingi kuliko kompyuta watafaidika zaidi na DNS ya nyumbani. Nimewahi kuwekea jirani Pi-hole, programu ya DNS ya nyumbani, ambayo ndani yake imejengwa juu ya programu ya dnsmasq ya Simon Kelley. Unaingia kwenye ukurasa wake, unaandika jina na namba, na kila simu inayopewa DNS hiyo na ruta inalijua jina. Ni nzuri, na inazuia matangazo juu yake. Ila sasa kuna kompyuta moja iliyobeba majina yote, na ikizimika nyumba nzima inakosa hata intaneti. Simu iliyowekewa DNS ya faragha ya kampuni nyingine nayo haitaiuliza Pi-hole yako. Ukienda njia hiyo usitumie .local: kompyuta za Linux zilizopangwa kama zangu zikikosa jibu la hodi kwa jina la .local hazisogei kuuliza DNS, zinasema jina halipo. Tumia home.arpa, iliyotengwa kwa ajili ya majumbani kupitia RFC 8375 mwaka 2018. Kwa jirani tuliandika picha.home.arpa.

Jambo la usalama nalo nilitaje. mDNS haina uthibitisho wowote. Kifaa chochote kilichomo ndani kinaweza kudai kinaitwa ghala. Kwetu wateja hupewa waifai ya wageni, nenosiri lake limebandikwa ukutani, na waifai ya ndani ni ya familia tu.

Naipa Avahi nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya simu ya mama. Kwa nyumba yenye kompyuta tatu hadi kumi na umeme kama wetu, ningeiweka hata kabla ya kununua printa. Majina chagua mafupi, herufi za kawaida bila nafasi, yawe ya mahali au kazi: zetu ni ghala, meza, sebule, baba na binti. Juzi umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri. Saa moja yule yule mwalimu alikuwa sebuleni na flashi yake mkononi, na kabla hajamaliza chai nakala zake zilikuwa tayari kwenye bahasha.