Samansi ya juri Marekani: tathmini ya huduma kwa raia anayezungumza Kiswahili

Samansi ya juri, yaani barua ya mahakama inayomwita raia wa kawaida kukaa na wenzake kuamua kesi, huja kwa posta ya kawaida. Haletwi askari mlangoni wala hutakiwi kuisaini, kwa hiyo huchanganyika na matangazo ya maduka na kuishia kwenye pipa la taka. Wengi huponzwa hapo. Aliyeitwa na mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu, si ya jimbo) asipofika, na akakosa sababu ya msingi, anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000, kufungwa siku zisizozidi 3, kuamriwa kufanya kazi za jamii, au kupewa mchanganyiko wa adhabu hizo. Majimbo nayo yana adhabu zake. Tunachokisema hapa kuhusu utumishi huu ni kwamba umepangwa vizuri kuliko unavyosemwa vijiweni, malipo yake ni duni, na kuna suala moja la lugha ambalo Mswahili asipolijua mapema litamtatiza.

Aliyezoea wazee wa baraza wa Mahakama Kuu ya Tanzania aiweke kando picha hiyo. Mzee wa baraza hutoa maoni na jaji hafungwi nayo. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji husimamia sheria na, katika kesi nyingi, hupanga adhabu baadaye.

Majina huchotwa kwenye daftari la wapiga kura, na mahali pengi pia kwenye orodha ya wenye leseni ya udereva. Ndiyo maana hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu huweza kuitwa. Ukiwa katika hali hiyo, usikae kimya na usiende kukaa juri. Weka alama kwenye swali la uraia kwamba wewe si raia, tia sahihi, rudisha fomu. Kujidai raia ni kosa zito ambalo linaweza kuyavuruga maombi yako ya uraia na hata kukuondoa nchini. Usimwachie mtoto au jirani akujazie fomu hii haraka haraka mezani. Soma kila kisanduku mwenyewe.

Masharti ya shirikisho ni haya: uwe raia, umefika miaka 18, umeishi mwaka mmoja ndani ya wilaya ya mahakama hiyo, huna kesi ya jinai inayoweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja wala hujawahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo bila kurudishiwa haki zako, na unajua Kiingereza cha kutosha kusoma na kujaza fomu ya maswali. Lafudhi haihesabiwi. New Mexico imekwenda mbali zaidi: katiba yake inakataza kumnyima mtu nafasi ya juri kwa kutojua Kiingereza, na mjumbe wa juri hupewa mkalimani. Tungependa majimbo mengine yaige.

Fomu ya shirikisho hurudishwa ndani ya siku 10, kwa posta au kwa mfumo wa eJuror mtandaoni. Kama tarehe inagongana na mtihani, upasuaji au safari uliyokwisha kukata tiketi, omba kuahirishiwa na uambatanishe ushahidi. Kuahirishiwa hupatikana kwa urahisi kuliko kusamehewa kabisa, na ombi lililopelekwa wiki kadhaa kabla husikilizwa vizuri kuliko la asubuhi ya siku yenyewe. Jioni ya kuamkia tarehe yako, piga namba ya ujumbe uliorekodiwa au fungua tovuti ya mahakama uangalie namba ya kundi lako. Mara nyingi kesi huwa zimemalizwa kwa makubaliano na kundi zima huambiwa lisije. Halafu kuna matapeli: hupiga simu wakidai hukutokea kwenye juri na utakamatwa usipolipa kwa kadi za zawadi. Mahakama haidai pesa kwa simu. Kata.

Siku ya kwanza ni ya kusubiri, na hiyo ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote. Beba samansi, kitambulisho, dawa zako, kitabu na sweta, maana viyoyozi vya majengo haya vinaweza kukutetemesha. Mkasi na kisu kidogo huzuiwa kwenye ukaguzi. Baadhi ya mahakama huzuia hata simu, kwa hiyo andika namba muhimu kwenye karatasi.

Kisha majina huitwa, mnaingia mbele ya jaji, na maswali yanaanza: kazi yako, ndugu walio polisi, kama uliwahi kuibiwa. Mawakili wanaweza kumkataa mtu kwa sababu maalumu bila kikomo. Wana pia idadi ya watu wanaoweza kuwakataa bila kutaja sababu. Katika kesi ya kawaida ya kosa kubwa la jinai kwenye shirikisho, upande wa mashtaka hupewa 6 na utetezi 10. Tangu shauri la Batson v. Kentucky la 1986, hawaruhusiwi kumkataa mtu kwa rangi yake. Ukiambiwa uondoke usijisikie umedharauliwa, maana hata jibu moja kuhusu kazi ya mkeo linaweza kutosha.

Sasa lugha. Shahidi akitoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani, ushahidi unaohesabika ni Kiingereza cha mkalimani. Kile ulichokisikia kwa masikio yako hakihesabiki, hata kama lugha ni yako ya kuzaliwa. Chukua shahidi anayesema, "Alifika saa mbili usiku." Mkalimani akiteleza na kutafsiri neno kwa neno, wajumbe wenzako wanasikia saa mbili ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Zimepotea saa sita, na saa sita zinatosha kumweka mtu mahali pa tukio au kumwondoa. Au shahidi anasema "ndugu yangu" na wengine wanasikia kaka wa tumbo moja, kumbe ni mtoto wa baba mdogo. Au "alinishika mkono", ambapo Kiingereza kinalazimisha kuchagua kati ya kiganja na mkono mzima.

Kishawishi cha kuwageukia wenzako mkiwa chumbani na kuwaambia "hakusema hivyo" ni kikubwa. Usifanye. Ukifanya hivyo umegeuka shahidi ambaye hakuapishwa na hakuhojiwa na wakili yeyote. Ukiona kosa la kubadilisha maana, andika ujumbe mfupi, mpe askari wa mahakama aufikishe kwa jaji, na fuata maelekezo ya jaji huyo. Fanya hivyo mapema, shahidi angali kizimbani, ili mawakili waweze kumuuliza tena. Kwenye maswali ya mwanzo unaweza kuulizwa kama utakubali tafsiri ya mkalimani. Jibu ukweli wako. Katika Hernandez v. New York, 1991, Mahakama ya Juu ilikubali maelezo ya mwendesha mashtaka aliyewakataa watu wanaojua Kihispania kwa shaka kwamba wangeshikilia walichosikia wenyewe. Tunaona kanuni hii inawaumiza wenye lugha mbili, lakini ndiyo inayotumika.

Kinachoharibu kesi mara kwa mara ni simu. Kuperuzi jina la mshtakiwa, kuangalia barabara ya tukio kwenye ramani, kutuma neno kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kufungua kamusi kutafuta maana ya neno la kisheria: yote ni ushahidi wa nje, na jaji anaweza kuifuta kesi nzima ianze upya. Neno usilolielewa liulize kwa maandishi.

Mkiingia kujadiliana mnaanza kwa kuchagua mwenyekiti. Katika kesi za makosa makubwa ya jinai lazima wote mkubaliane. Louisiana na Oregon ziliwahi kuruhusu kura 10 kwa 2, mpaka Ramos v. Louisiana ya 2020 ilipokomesha hilo. Kesi za madai ni tofauti: California hutosheka na 9 kati ya 12. Msipokubaliana, jaji huweza kuivunja juri na kesi ikasikilizwa tena na watu wengine. Kura yako isibadilike kwa sababu ya njaa au foleni ya kurudi nyumbani. Ibadilike kwa hoja.

Malipo ni hafifu. Shirikisho hutoa dola 50 kwa siku, na huweza kufika 60 baada ya siku 10 za kesi. California hutoa dola 15 kuanzia siku ya pili. Massachusetts inafanya vizuri zaidi: mwajiri hulipa mshahara wa siku 3 za kwanza, kisha jimbo hulipa dola 50. Sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya juri ya mahakama zake, lakini haimlazimishi kukulipa. Anayelipwa kwa saa kwenye nyumba ya wazee au ghalani, na dereva wa teksi za programu, ndio wanaoumia. Mpe bosi nakala ya samansi siku hiyo hiyo unapoipata, na kama kesi ndefu itakukosesha kodi ya nyumba, mwambie jaji wakati wa maswali. Posho hiyo huhesabiwa kuwa kipato kwenye kodi ya mapato.

Juri kuu ya shirikisho ni kazi nyingine: watu 16 hadi 23 wanaopima kama mtu ashtakiwe, kura 12 zikitosha, na inaweza kudumu miezi 18.

Siku ya mwisho, mwombe karani cheti cha mahudhurio kwa ajili ya mwajiri. Wakili anaweza kukufuata kwenye korido akitaka kujua mlivyofikia uamuzi. Kwa kawaida, kesi ikishakwisha, una hiari ya kumjibu au kumpita. Aliyekaa kwenye juri kuu hana hiari hiyo, kwa kuwa yaliyojadiliwa humo ni siri.