Matairi ya BFGoodrich KO2 kwenye Hilux ya mizigo: soma ubavu kabla ya kutazama meno

Hilux yangu hutoka Mbale mara mbili kwa mwezi ikiwa imebeba mbegu, chumvi, sabuni na mabati ya wafanyabiashara wa Kaabong, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Hadi Moroto ni lami, na tairi lolote zima litakufikisha. Kazi huanza baada ya hapo, kwenye changarawe nyekundu yenye mawe yaliyochongoka kama shoka, na ni huko, mbele ya Kotido, ambako tairi la nyuma la kushoto lilichanika ubavuni nikiwa na mzigo kamili. Meno yake yalikuwa bado marefu. Mpasuko haukuzidi urefu wa kidole, lakini nilipouinamia niliona nyuzi za ndani zimekatika zote, na fundi wa pancha niliyempelekea alitazama mara moja tu akasema, "Mzee, pancha ya usoni nitakuzibia hata kumi, lakini ubavu hauzibwi." Tairi lilitupwa likiwa na nusu ya maisha yake.

Ndiyo maana nilipokwenda kununua matairi mapya nilianza na ubavu. Wengi wetu tunaoendesha pikapu huvutiwa na meno makubwa, tukiamini kwamba tairi lenye sura kali ndilo litakalovumilia njia mbaya, lakini meno hayakulindi na jiwe linalopita pembeni. Matairi ya barabara kuu, H/T, yanayokuja na magari mengi, ni matulivu kwenye lami na hayana zaidi ya hapo. Yale ya tope, M/T, yana meno mapana yanayojisafisha vizuri, ila hunguruma safari nzima, huisha upesi kwenye lami, na mvua inaponyesha breki zake huchelewa kushika. Zaidi ya nusu ya safari yangu ni lami. Nilichukua jamii ya katikati, A/T, yaani ya njia zote, na katika jamii hiyo nikachagua BFGoodrich All-Terrain KO2, kwa kuwa kampuni hiyo imekuwa ikitengeneza matairi ya namna hii tangu mwaka 1976 na kwa kuwa kipimo changu kilipatikana kikiwa na herufi LT mbele: LT265/70R16.

Herufi hizo mbili ndizo nilizozilipia. Maana yake ni kwamba tairi limejengwa kwa ajili ya lori dogo, likiwa na nyuzi nzito na ubavu mnene kuliko tairi la kipimo hicho hicho lisilo na LT. Tairi langu la zamani lilikuwa na namba ya mzigo 112, yaani lilikuwa na uwezo wa kubeba kilo 1,120. Hili jipya lina 121, ambayo ni kilo 1,450. Lakini uwezo huo haupatikani bure, kwa sababu tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo ule ule, na anayeendelea kufuata namba ya upepo iliyobandikwa mlangoni mwa gari kwa matairi ya kawaida ataliumiza. Nikiwa na tani moja nyuma naweka paundi 45. Nikirudi mtupu nashusha hadi 32.

Jambo jingine la ubavuni ni umri. Duka la kwanza nililoingia Kampala lilinionyesha matairi mazuri kwa macho, meusi, yenye vile vinywele vya mpira ambavyo muuzaji alivipapasa kwa kiganja akisema ndivyo vinavyothibitisha upya. Niliomba tochi. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kulikuwa na tarakimu 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019, na sisi tulikuwa mwaka 2024. Tairi ambalo halijawahi kugusa barabara huzeeka kwa joto na hewa likiwa ghalani, na vinywele havisemi lolote kuhusu hilo. Tarehe hiyo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo lipindue tairi kabla fundi hajalifunga, maana likishavaa rimu utalazimika kulala chini ya gari ili uisome. Nilinunua kwenye duka la pili, matairi ya miezi saba.

Nilishawishiwa pia kupanda hadi 285/75R16 ili gari liinuke. Nilikataa. Tairi hilo ni kubwa kwa takriban asilimia 7, hivyo mshale ukionyesha 100 wewe unakwenda karibu 107, na injini iliyokwisha kuelemewa na mabati inaongezewa kazi kila kilima.

Sasa nimekwenda kilomita 32,000 na sijachanika ubavu hata mara moja, wala miiba ya migunga haijanipa zaidi ya pancha mbili, zote za usoni, ambazo nilizizibia mwenyewe kando ya njia kwa kamba za mpira. Kwenye changarawe nashusha upepo kidogo na kupunguza mwendo, na gari linatulia vizuri kwenye mikunjo ile ya barabara inayotikisa meno ya dereva. Yapo ya kuvumilia, kama ilivyo kwa matairi yote mazito ya A/T: mvumo mdogo kwenye lami, usukani uliozidi uzito, na mafuta yanayokwenda kidogo zaidi.

Juu ya udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua niseme wazi, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. A/T haiuwezi. Udongo ule hujaza nafasi za meno katika mizunguko michache, na tairi linabaki laini kama chungu kilichopakwa mafuta. M/T itakupeleka mbele kidogo zaidi kabla nayo haijazama. Mimi husimama mahali pagumu na kusubiri jua, wakati mwingine siku nzima, na wenye mzigo wamekwisha kuzoea.

Bei ni kubwa: kwa fedha ambazo zingenipatia matano ya kawaida nilipata matatu, ikabidi nikusanye kwa miezi miwili zaidi ili nitimize matano, kwani sikutaka tena spea ya kipimo kingine chini ya bodi. Kila kilomita 10,000 ninayazungusha yote matano kwa zamu. Yalianza na meno ya milimita 12, na nilipoyapima wiki iliyopita kila moja lilikuwa na 8 au karibu nayo.