QMK kwenye Corne: programu safi, waya wa kuogopwa

Corne, kibodi iliyogawanywa pande mbili, ina vitufe 42, na QMK, programu huria ya kuendesha kibodi, inaimudu bila shida. Kinachokwamisha ni chipu. Pro Micro ya kawaida, bodi ndogo inayobeba chipu hiyo, ina nafasi ya KB 32, na takriban KB 4 huliwa na programu ya kuwashia. Ongeza taa na skrini, uone faili linavyogoma kuenea. Nunua bodi yenye chipu ya RP2040 na umbo lilelile, kisha tengeneza faili la QMK kwa amri hii:

`qmk compile -kb crkbd/rev1 -km default -e CONVERT_TO=rp2040_ce`

Shikilia kitufe cha BOOT kwenye bodi huku ukichomeka USB, buruta faili la .uf2 kwenye diski ya RPI-RP2 itakayojitokeza kwenye kompyuta. Diski ikitoweka usishtuke, bodi imejiwasha upya. Rudia upande wa pili.

Waya wa TRRS (wenye plagi kama ya spika za masikioni) unaounganisha pande mbili ndio udhaifu mkubwa. Usiuguse kabla ya kuchomoa USB: plagi ikiteleza ndani, miguso yake hukutana kimakosa na chipu inaweza kuungua.

Herufi zimegeuka kushoto-kulia? Umechomeka USB upande wa kulia, na QMK hudhani upande wenye USB ni wa kushoto. Weka `#define EE_HANDS` kwenye faili la config.h ili kila upande ukumbuke kama ni wa kushoto au wa kulia, kisha upakie kwa `qmk flash` badala ya `qmk compile`, ukiongeza `-bl uf2-split-left` kwa upande wa kushoto na `-bl uf2-split-right` kwa wa kulia.