Reli za droo: kabla hujauliza kilo ngapi, pima pembeni

Juzi nimekaa sakafuni naokota golori. Vigolori vya chuma, kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vimeingia chini ya kitanda na vingine sijavipata mpaka leo, na nimekaa hapo kwa sababu ya reli ambazo muuzaji aliniapia kabisa kwamba "hizi dada zinaingia kabati lolote".

Kabati lenyewe ni la droo nne, lile la kujiunganishia, linakuja limefungwa kwenye boksi bapa na mfuko wa skrubu na karatasi ya michoro. Lilikuja na reli nyembamba za kigurudumu cha plastiki, na droo ya jinzi haikuchukua muda ikaanza kuinamisha pua kila nikiivuta. Nikasema basi, nabadilisha. Nikanunua reli za golori, urefu sawasawa na za zamani, zimeandikwa kilo 45, zinang'aa. Nikafunga, droo ikateleza utasema imepakwa mafuta, mi nikaanza kujisifu. Nikaivuta mpaka mwisho, ikayumba kidogo kulia, ikafanya krrr, ikanitua mapajani na golori zikamwagika.

Urefu ulikuwa sawa, kilo sawa, skrubu zimekaza. Kilichoniangusha ni kitu ambacho sijawahi kusikia muuzaji anakiuliza: nafasi ya pembeni, kati ya ubavu wa droo na ubavu wa kabati.

Reli za kawaida za golori, zile za kufunga ubavuni zenye kimo cha milimita 45, unene wake ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Kwa hiyo pande mbili jumla inatakiwa 25.4, na ikifika 26 hivi bado uko salama. Ikipungua hapo droo inabana, unaivuta na kabati zima linakufuata. Ikizidi sana, kile chuma cha ndani kinakosa kushikwa vizuri na golori, na siku ukiivuta yote nje ikiwa na mzigo, inachomoka. Mi nilipokuja kupima (baada ya kuokota, ndo akili zetu hizo) nikakuta jumla ni 31! Reli za zamani zilikuwa na umbo lao wenyewe, kiwanda kiliacha nafasi ya kutosha hizo tu. Kwa hiyo nilikuwa nimezidisha karibu milimita 6, na hapo nashangaa kwa nini droo inacheza.

Alafu kuna kitu kingine hapo hapo. Hizi kabati mgongo wake ni hadibodi ya milimita 3 tu iliyopigiliwa vimisumari, kwa hiyo mbavu zinatanuka katikati kidogo kidogo bila wewe kuona. Ukipima mbele peke yake unapata namba nzuri, ukipima katikati unapata nyingine. Pima upana wa ndani wa kabati mbele, katikati na nyuma, pale pale reli itakapokaa, alafu toa upana wa nje wa boksi la droo. Kama katikati pametanuka kuliko mbele, rudisha mgongo kwanza, ongeza misumari au kona za chuma, ndo uje kwenye reli. Na angalia vichwa vya skrubu, viwe bapa vizame kabisa kwenye tundu la reli. Kichwa kikitokeza hata kidogo kinakwaruza chuma kinachopita juu yake, na utailaumu reli bure.

Sasa ukinunua, mi napanga hivi, na sijifichi nampendelea nani.

Ya kwanza ni Blum Tandem. Hawa ni Waaustria, wapo toka 1952, na nikishavuta droo yao mahali basi zingine zote naziona kama mkokoteni. Reli inakaa chini ya droo, huioni kabisa, inabeba kilo 30 kwa ile ya kawaida, na ikijifunga inapungua mwendo pole pole inamalizia yenyewe bila kishindo. Pia ile habari ya pembeni haikusumbui kwa namna ile, maana droo imekaa juu ya reli, na kuna vifungio vya mbele chini ya droo vya kurekebishia kimo. Ila niseme ukweli, haiingii kwenye boksi la kiwandani hivi hivi. Inataka upana wa ndani wa droo uwe upana wa nafasi ya kabati kutoa milimita 42, ubavu wa droo usizidi milimita 16, chini ya droo pabaki kina cha milimita 13 hivi, na nyuma utoboe vitundu vya ndoano. Maana yake unaunda boksi jipya. Na vile vifungio vya mbele saa nyingi vinauzwa peke yake, usifike nyumbani na reli tupu. Mi bado nasema ni hizo. Boksi la kiwandani lenyewe ni chipbodi na tako la hadibodi, unalililia nini?

Ya pili ni Hettich Quadro, ya Wajerumani, nayo ya chini ya droo, nayo nzuri tu. Mtu akinipa bure sikatai.

Ya tatu ni za golori za pembeni zinazotoka nje zote, na hapa ndo wengi wetu tutaishia kwa sababu hazitaki uunde boksi upya. Accuride 3832 na Hettich KA 5632 ziko kwenye kundi hili, mzigo ni kilo 45 hivi, na hiyo ni kwa jozi, sio kila upande kilo 45 kama mmoja alivyotaka kunidanganya. Kuzitambua za kueleweka, ivute mpaka mwisho ukiwa umeishika mkononi, itikise juu chini. Ikilia kama funguo mfukoni, rudisha. Alafu siku ya kurudisha droo ndani, kile kibebeo cha golori kivute mpaka mbele kabisa kwanza, pande zote mbili, ndo usukume. Kikiwa kimebaki nyuma, chuma cha droo kinakigonga na golori zinatoka. Hiyo nayo najua kwa machozi.

Kama nafasi yako imezidi kama yangu, usitupe reli. Mi nilikuwa na ziada ya 5.6, nikaweka kipande cha hadibodi milimita 3 upande mmoja na kadibodi ngumu ya milimita 2 upande wa pili, ikabaki 26. Kijazio kiende urefu wote wa reli, sio vipande viwili vitatu, maana reli itapinda katikati. Na tundu la skrubu la zamani likiwa limeliwa, tia gundi ya mbao na vijiti vya meno, acha ikauke mpaka kesho, toboa upya. Tundu lisipofanana na reli, toboa jipya, usilazimishe skrubu kwa mshazari.

Za kigurudumu: zinatoka robo tatu tu, vitu vya nyuma unavitafuta kwa kupapasa. Droo ya soksi, sawa. Angalia herufi CL, CR, DL na DR zilizogongwa, ni za kabati na za droo, kushoto na kulia. Basi.

Sasa hawa wauzaji. Kwa nini pakiti inaandika urefu, inaandika kilo kwa maandishi makubwa mekundu, inaweka na picha ya nyota, alafu unene haupo popote? Nimegeuza pakiti tatu sijaona. Nikimuuliza muuzaji "hii inataka nafasi ngapi pembeni" ananiangalia kama nimemuuliza uzito wa moyo wake, alafu ananijibu "ya kawaida". Ya kawaida ya nani? Na hizo za kujifunga taratibu wanazipandisha bei kama zimetiwa dhahabu, hawakuambii kwamba ile springi inataka uvute kwa nguvu mwanzoni, na kwa droo yenye uso uliochomekwa kwa vijiti vya plastiki utabaki na uso mkononi. Skrubu pia hawaweki siku hizi, unaambiwa "zipo, zinauzwa kule".

Nilirudi na pakiti iliyofunguliwa kulalamika, kijana akaichukua, akaipima kwa macho tu, akasema tatizo ni kabati langu. Na kweli lilikuwa kabati langu, hiyo ndo inaniuma zaidi. Ila angeuliza! Droo tatu sasa zinateleza vizuri, ya nne nimeiachia vigurudumu vyake mpaka nipate golori sita zilizopotea.