Printa ya matenki, miezi minne dukani: inachapa freshi ila kila saa "oflaini"

Nina miezi minne na hii printa ya matenki, zile za kumimina wino wa chupa, niliichukua Kariakoo kwa ajili ya steshenari yangu ya jirani na chuo, kwa hiyo nadhani sasa naweza kuiongelea bila kuionea. Jina la kampuni naliacha maana huu ugonjwa wanao wengi.

Kwenye kuchapa sina kesi nayo kabisa. Wino unakaa, pasipoti saizi zinatoka zimetulia, kopi na skani vyote poa.

Kimbembe ni wai-fai. Pale dukani kuna kompyuta mbili, yangu na ya dada anayetaipu, ndo maana nikataka printa ya mtandao. Siku ya kwanza fresh. Siku ya pili umeme ukakatika kidogo ukarudi, dada anabonyeza print, kimya, kompyuta imeandika oflaini, na hapo nje kuna foleni ya wanafunzi na risachi zao wanatakiwa wazipeleke kabla ya saa sita, halafu printa yenyewe taa ya wai-fai inawaka kama kawaida haina habari na mtu. Tukazima tukawasha, ikakubali. Kesho yake tena. Ikawa ndo ratiba, mpaka madogo wakipita wananiuliza "bro leo ipo hewani?" kama wanaulizia redio.

Nikaipeleka kwa muuzaji na waranti yangu mkononi, akaichomeka USB, ikachapa, akasema bosi mbona hii nzima. Nzima kweli, ila mi sikuinunua nikae nayo kwa USB. Fundi wa kwanza akapiga draiva (programu ya kompyuta kuongea na printa) upya, akachukua elfu ishirini yake, tukakaa siku tatu ikarudi kulekule.

Fundi wa pili kijana mdogo tu, na hakugusa hata kompyuta. Aliiambia printa itoe ile karatasi ya taarifa za mtandao, akazima meni swichi ya duka zima (nilitaka kumzuia aisee), akawasha, akasubiri, akatoa karatasi nyingine, akazilaza mezani. Ya kwanza IP, yaani namba ya printa kwenye mtandao, ni 192.168.1.7, ya pili 192.168.1.12. Akanambia, "Kaka, printa yako inahama chumba, kompyuta inaendelea kugonga mlango wa zamani."

Kumbe ruta, kile kiboksi cha wai-fai, ndo inagawa hizo namba, na ikizimika ikawaka inaweza ikagawa upya, simu ya dada ikiwahi ndo imechukua namba ya printa. Akanambia pia siku nikiona namba inaanza na 169.254 nijue printa imeamka kabla ya ruta, imeomba namba ikakosa ikajipa yenyewe, na hapo hata uipigie magoti haionekani.

Alichofanya ni hivi, akaingia kwenye ruta akapunguza ugawaji wa namba uishie 200 ili za juu yake isimpe mtu, kisha kwenye setingi za printa yenyewe akatoa auto akaweka manual, 192.168.1.250 ya kudumu. Halafu kwenye kila kompyuta akaibadilishia printa poti, yaani njia ya kompyuta kuifikia, akaweka ya TCP/IP inayoifuata kwa namba hiyo, maana ile iliyojiweka yenyewe ilikuwa poti ya WSD, ambayo printa inatafutwa kwa kuitwaitwa tu mtandaoni, isipoitika basi oflaini. Kwenye setingi za poti kuna tiki ya SNMP Status Enabled, hiyo nayo akaitoa, printa nyingine hazijibu hayo maswali ya hali yake vizuri kwa hiyo kompyuta inadhani imekufa kumbe inakuangalia.

Kompyuta ya dada bado ikagoma. Jasho. Kufungua dirisha la foleni, menyu ya Printer, tukakuta tiki kwenye Use Printer Offline, aliibonyeza siku moja katika kuhangaika na hakusema hahaha. Kutoa tiki tu, kazi kumi na nne zilizokwama zikaanza kumiminika zote, nyingine za wateja walioondoka na hasira wiki iliyotangulia.

Kingine ambacho muuzaji hakunambia, inashika wai-fai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo ruta ukiiweka 5 GHz tupu hii printa haiioni.

Ni wiki ya saba sasa, umeme umekatika sana tu na printa inarudi palepale. Printa naipa nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya kile kijitabu chake, wamechora mpaka namna ya kutoa selotepu za boksi ila habari ya namba kuhama hakuna hata mstari. Muuzaji mbili. Yule dogo tano, alichukua elfu kumi na tano na hakudai hata ya nauli, na 250 nimeiandika kwa maka pen ubavuni mwa printa ili fundi yeyote atakayekuja asiiguse.